Mwache Amalize

Fundi makochi hakuwa mtu mbaya, na hata majirani waliokuja kumnunia baadaye walilikubali hilo. Hakulewa, hakumwinulia mke mkono. Shida yake ilikuwa mdomo. Mafundi wenzake walimwita Redio, naye alilifurahia jina hilo, maana aliweza kukata sponji, kugonga misumari na kupiga soga kwa wakati mmoja.

Mkewe alikuwa mtu wa kuongea taratibu. Alipiga pasi kwenye duka la dobi, na neno lake alilipima kwanza ndipo akalitoa. Akianza kusema, fundi anammalizia.

"Leo yule mama mwenye..."

"Mwenye magauni mengi. Kagomba tena, najua."

Kumbe yule mama alikuwa amefiwa. Mke aliendelea kumenya vitunguu. Fundi alijisifu kwa watu: "Mimi na huyu tunaelewana mpaka hana haja ya kufungua kinywa."

Asubuhi moja mke aliamka amejikunja, mkono chini ya kitovu. Wakaenda zahanati. Tabibu akamtazama mgonjwa mwenyewe. "Maumivu yalianza lini, mama?"

"Juzi. Ila kabla ya hapo, mwezi uliopita, siku..."

"Vidonda vya tumbo, daktari," fundi akadakia. "Anavyo tangu nimuoe. Anashinda na njaa kazini, nimemsema mpaka nimechoka."

Mke alifungua kinywa tena. Fundi akamshika bega, kwa upendo kabisa. "Tulia mke wangu, nimeshamweleza."

Foleni ilikuwa imefika nje ya mlango. Tabibu akaandika dawa za tumbo.

Siku ya tatu mke alianguka kazini, kando ya meza ya pasi. Hospitali wakampasua. Mimba ilikuwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi na kupasuka. Nesi alimvuta fundi pembeni akamwambia mimba ile isingepona kwa vyovyote, ila mkewe asingefikia kuchungulia kaburi kama wangejua mapema kwamba amekosa siku zake. Na kuzaa tena, sasa, ni kubahatisha.

Fundi aliingia wodini analia. Hata pale hakuuliza kitu, alieleza. Kwamba hakujua, kwamba tabibu ndiye mzembe, kwamba Mungu atawapa mwingine. Mkewe alimtazama mpaka alipoishiwa pumzi, kisha akageukia ukutani.

Aliporuhusiwa alikwenda kwa dada yake. Wiki mbili, alisema. Ikawa miezi miwili. Mchana mmoja fundi alifunga karakana akamfuata. Mlangoni alisikia mtu anasimulia ndani, akadhani kuna mgeni. Ilikuwa sauti ya mkewe. Alikuwa anaeleza habari ya bwana mmoja aliyeleta suti ya harusi na keki bado iko mfukoni. Anaieleza polepole, anamwigiza yule bwana, anarudi nyuma kuongeza alichosahau, na dada yake anacheka mpaka anaomba maji. Fundi alisimama kizingitini ameduwaa. Miaka tisa ya ndoa, hajawahi kusikia kisa cha mkewe kikafika mwisho.

Alipobisha hodi, sauti ile ilikatika. Dada mtu ndiye aliyetoka.

"Shemeji, nenda nyumbani," alisema bila ukali. "Akiwa tayari atakuja mwenyewe. Na akija, nakuomba, mwache amalize."

Fundi aliyashika maneno hayo. Akaanza kujizoeza kwa wateja, anabana midomo hadi taya zinamuuma, wakadhani anaumwa jino.

Mke alikuja mwezi uliofuata, Jumamosi, karakana imejaa vumbi la mbao. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, akaviangalia vidole vyake kwa muda mrefu. Fundi alisimama na nyundo, anahesabu pumzi.

"Nimekuja," mke alisema. "Nilikuwa nataka..."

Kimya kikawa kirefu, na fundi hofu ikamzidi.

"Nguo zako," akasema. "Nimezifunga, ziko kwenye sanduku. Nilijua tu utazifuata."

Mkewe aliinua macho, akamwangalia kama mtu anayesoma tangazo ukutani. Kisha akatikisa kichwa kukubali, akaomba ufunguo wa nyumba.

Alilibeba sanduku mwenyewe. Sasa anaishi mji mwingine na ana kazi yake. Fundi amemtumia watu mara tatu wamuulize siku ile alitaka kusema nini. Wote wamerudi na jibu moja, kwamba hakumbuki.