Daftari la Wageni

Magaidi waliposhambulia kituo cha polisi kule pwani, mimi nilikuwa mwenyekiti wa kitongoji hapa Katumba. Bunge lilipokutana, redio yangu haikuzimwa tangu asubuhi. Wabunge walisimama kuwakumbuka askari waliouawa, kisha waziri akaagiza viongozi wote wa vitongoji waandike wageni walioingia mwezi huo. Wabunge wakagonga meza. Nami nikagonga yangu ya jikoni, maana nilikuwa na hasira na nilitaka kazi ya kufanya.

Agizo lilipofika kwa mtendaji wetu wa kijiji, lilikuwa limeshanenepa. "Mgeni ni yeyote ambaye hakuzaliwa hapa," alisema, akanikabidhi daftari jipya.

Sijaandika hata mstari, jirani yangu akapiga hodi. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, mkononi kashika cheti chake cha uraia ndani ya mfuko wa nailoni. Bibi huyu alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake. Amelima tumbaku hapa maisha yake yote, na mumewe kazikwa nyuma ya nyumba.

"Niandike, mwanangu," alisema. "Nimekuja mwenyewe kabla hamjaniita. Ila waulize, wakituondoa, kaburi la mzee nimwachie nani?"

Iliniuma sana. Nilimwambia arudi nyumbani akapike, kazi hii naiweza. Kisha nikaandika jina moja tu.

Kesho yake mtendaji alilisoma, akageuza ukurasa, akarudi kulisoma tena. "Mwenyekiti, mbona umejiandika mwenyewe?"

"Si sikuzaliwa hapa? Nimetoka Usukumani na ng'ombe wa mume wangu, nikiwa na watoto wawili tayari. Yule bibi ndiye aliyetuonyesha maji yalipo. Na wewe, mtendaji, umezaliwa kitongoji gani?"

Alikuwa amehamishwa kutoka Sumbawanga mwaka uliopita. Alicheka kidogo, akalikata jina langu, akasema basi tuandike walioingia mwezi huu, kama waziri alivyosema. Hao walikuwa wawili: fundi baiskeli na shemeji yake mchungaji.

Jioni nilimkuta bibi akipukuchua mahindi. Nilimwambia jina lake halimo. Aliniuliza mara mbili, kisha akautoa mapajani ule mfuko wa nailoni, akauweka chini na kunisogezea kigoda.

"Basi kaa," alisema. "Karibu, mgeni."