Siku Barza Yangu Ilipowanasa Wakwe

Mtaani kwetu hapa Kolwezi hakuna tena anayeniita Papa Mariamu. Wananiita Tata Bulimbo, na hata mama anayeuza makala pale njia panda, ambaye siku ile hakuwapo, ananiita hivyo bila kucheka, kana kwamba ndilo jina nililopewa na wazazi wangu. Bulimbo, kwa asiyejua, ni ule utomvu unaonata ambao utotoni tulikuwa tunaupaka kwenye vijiti ili kunasa tunyoni, yaani ndege wadogo. Nimeona afadhali niueleze mkasa huu mwenyewe, kwa mpangilio, maana ukisimuliwa na wengine soksi huwa nyingi kuliko zilivyokuwa.

Kazi yangu ni pampu. Natengeneza pampu za kutoa maji kwenye mashimo ya shaba upande wa Mashamba, na mengi ninayoyajua sikufundishwa na mwalimu, nimejisomea, kwenye vitabu vya mitumba, kwenye maandishi ya makopo, na kwenye video za simu ambazo huzitazama mara mbili, ya kwanza ili nielewe na ya pili ili nibishe. Barza yangu, baraza ya mbele ya nyumba, niliijenga kwa njia hiyohiyo. Majirani barza zao ni za simenti. Mimi nikatafuta mbao za yale makasha makubwa yanayoleta mashine za migodini, nikazipiga randa, nikazipandisha juu ya nguzo fupi ili hewa ipite chini, na kati ya ubao na ubao nikaacha upenyo wa maji (ukiinama utaona bado kwenye ubao mmoja mshale mweusi na picha ya glasi, maana yake usinigeuze juu chini). Ni barza nzuri, sisemi kwa kujisifu, au nasema kwa kujisifu lakini ni kweli. Shida ni mvua zetu. Zikianza tu, mbao zinaota ukungu wa kijani, zinateleza, zinavimba, na usipozisugua kwa sabuni na burashi ngumu, ukaziacha zikauke kabisa, ukazinywesha mafuta, mwaka ukiisha unachoma kisu na kisu kinaingia kama kwenye muhogo uliochemshwa. Kwa hiyo nina sheria, na iliyo kubwa kuliko zote nimeiandika kwenye kibao pale ngazini: VUA VIATU. Mchanga mwekundu wa huku unakwaruza mbao kama msasa. Anayetaka kuingia kwangu na viatu vyake apitie nyuma, kwa kuku.

Sasa, binti yetu mkubwa, Mariamu, alikuwa amepata mchumba, Yasini, kijana dereva, mtoto wa watu wa biashara na malori wanaokaa upande wa Mutoshi, nao kama sisi ni Waislamu ambao babu zao walitoka Maniema. Siku ikapangwa waje kupiga hodi. Msemaji wao angekuwa Mzee Saleh, mjomba wa kijana, na kwa watu wale Mzee Saleh asiposema ndiyo hakuna anayesema ndiyo. Habari zake tulikuwa nazo: nyumba moja aliinuka na kuondoka na ujumbe wake wote kwa sababu alipokuwa anaongea hawakuzima redio. Uchumba ukafia pale.

Mariamu akanijia akiwa na uso wa mtu aliyefanya mazoezi ya kusema.

"Papa, mi naomba kitu kimoja tu. Bageni batakaa mu salon. Barza usiiguse."

"Salon iko kidogo," nikamwambia. "Barza iko na hewa."

"Barza iko na wewe, papa."

Nikaahidi. Na niliishika ahadi yangu vizuri kabisa mpaka asubuhi ya siku iliyotangulia ugeni, nilipotoka nje na kikombe cha chai nikaziona mbao zangu. Nilikuwa nimezisugua wiki ile, nimezinywesha mafuta, zilikuwa safi, lakini zimefifia kama sufuria ya mtu aliyeacha kupika. Na kwenye ghala kulikuwa na kopo la verni, ile ya kung'arisha makabati, karibu limejaa. Nikawaza: nipake mkono mmoja tu. Maandishi ya kopo yalisema kesho yake itakuwa imekauka. Yalisema pia "mahali pakavu penye hewa", na hayo niliyasoma, sitadanganya kwamba sikuyasoma, nikatazama mbingu, mbingu ilikuwa ya buluu, nikasema hapa ndipo mahali pakavu penye hewa. Ilikuwa katikati ya msimu wa mvua. Nguo za mtaa mzima zilikuwa na siku kadhaa kwenye kamba zikinuka ukungu. Nikapaka.

Kesho yake asubuhi nikapima, kwa sababu mimi si mtu wa kubahatisha. Nilikuwa nimesimama mwisho wa barza, chini ya ukingo wa paa, pale mke wangu anapoweka mbabula, jiko lake la makala, wakati wa mvua ili apike maharage bila kulowa. Nikainama, nikakandamiza ubao kwa kidole gumba. Mkavu kama kioo. Nikakandamiza tena, mkavu, na mara ya tatu, mkavu. (Mtu wa vipimo hurudia kipimo; kwamba anatakiwa pia kuhama mahali, hilo halikunijia. Ubao ule ulikuwa umelala na kuamka kando ya makala ya moto.) Nilipokuwa napanga viti vya plastiki nikasikia ndara zangu za ndani, ambazo hazijui mchanga, zikilia nya, nya, nya, sauti ndogo, nikadhani ndivyo verni ya bei inavyolia. Wala hazikunata, zilikuwa zinashika kidogo na kuachia. Juu ilikuwa imefanya ngozi, unajua, kama maziwa.

Mariamu akatoka, akaona mng'ao.

"Papa. Umeigusa."

"Kidogo."

Aliangalia viti, akaangalia salon yake, ambamo alikwisha kupanga keki na soda na kitambaa cheupe cha shangazi yake, akarudi ndani. Afadhali angegomba.

Wageni wakafika baada ya sala ya alasiri. Mbele Mzee Saleh, kanzu nyeupe, kofia, fimbo. Nyuma yake dada yake, mama mnene mcheshi waliyemwita tantine Zubeda, na nyuma kabisa Yasini, ambaye kwa heshima alibaki chini ya ngazi, maana kijana anayeombewa hapandi kabla hajaitwa. Mzee Saleh akakisoma kibao changu taratibu.

"Vua viatu," akasema. "Muzuri. Hii nyumba iko na adabu."

Nikamtafuta Mariamu dirishani ili ayasikie maneno hayo. Aliyasikia. Mzee akavua viatu, akapanda na soksi zake nyeusi, nya, nya, nya, akakaa. Tantine akakaa. Mimi na mke wangu tukakaa.

Basi Mzee Saleh akaanza kusema, na nakiri alikuwa fundi wa maneno: jinsi walivyopita njiani, jinsi walivyoona ua zuri mu lupango yetu, yaani kiwanjani kwetu, jinsi walivyouliza ua lile ni la nani. Wakati wa maneno kama hayo hakuna anayetikisika. Tulitulia kabisa, nyayo zimekaa, viti vimekaa, uzito wetu wote unashuka polepole kupita ile ngozi ya juu kuelekea yale yaliyokuwa chini yake. Redio ilikuwa imezimwa tangu asubuhi.

Akamaliza. Nikamwita Mariamu. Akatoka amejitanda, macho chini, na kwa desturi yao mkubwa wa wageni husimama kumpokea. Mzee Saleh akasimama.

Miguu haikusimama naye. Akavuta wa kulia, tukasikia sauti kama ya plasta inayobanduliwa kwenye nywele, kisigino kikatoka ndani ya soksi, soksi ikabaki pale pale, imesimama wima, tupu. Akaitazama. Sisi wote tukaitazama. Tantine Zubeda akataka kumshika mkono, akainuka nusu, lakini upindo wa kitenge chake ulikuwa umelala juu ya ubao na haukukubali, akarudi kitini kwa kishindo.

"Yo! Saleh! Banatukamata!"

"Tata," Mzee Saleh akaniambia kwa sauti ya chini, "ni nini hii?"

Hapo mtu mwenye akili angesema samahani. Mimi nikaeleza.

"Muzee, ni unyevu. Juu inakauka, lakini chini haiyakauka bado, sababu hewa iko na maji mingi, unaona, na verni ile inahitaji..."

"Papa!" Mariamu akasema.

Na mvua nayo haikungoja nimalize. Huku kwetu unaisikia kwanza kwenye mabati ya majirani, nyumba ya tatu, ya pili, kisha iko kichwani mwako. Barza yangu haina paa, isipokuwa ule ukingo wa mbabula. Mke wangu akakimbiza mbabula ndani. Mimi nikatoka ndani ya ndara zangu nikaziacha zimenata. Tantine akavuta kitenge kwa nguvu, kikaachia na kipande cha verni, akaanza kutembea kwa kuinua magoti juu kama mtu aliye ndani ya tope. Mzee Saleh alikuwa na mguu mmoja huru na mmoja mfungwa, kanzu inalowa, na ndipo Yasini akaruka ngazi bila kuitwa, akamkumbatia mjomba wake kiunoni, akamng'oa kutoka kwenye soksi ya pili, akamtupa begani kama gunia la makala, akaingia naye salon.

Salon. Keki zilikuwa zinatungoja.

Mvua ilikuwa inapiga bati, na kupitia mlangoni niliona viatu vya Mzee Saleh pale ngazini, chini ya kibao changu, vinajaa maji. Nyayo zake zilikuwa zinang'aa. Alikuwa ameinua miguu kidogo ili asiguse mkeka, na alikuwa anaangalia fimbo yake namna mtu anavyoiangalia anapojiuliza aondoke sasa au baada ya mvua. Mariamu alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba. Sikumtazama. Nilimsikia tu akipumua.

Nikaleta kitambaa na chupa ya mafuta ya taa.

"Peleka mbali na mbabula!" mke wangu akapiga kelele. "Umebakamata, sasa unataka kubachoma?"

Nikahamia upande wa pili, nikapiga magoti mbele ya Mzee Saleh, nikashika unyayo wake, nikaanza kusugua. Tantine Zubeda akashika mdomo.

"Ee! Tata ya binti anapiga magoti! Saleh, leo ni nani anaoa nani?"

Mzee Saleh hakucheka. Nilisugua. Maelezo yote yalikuwa mdomoni, yamepangwa, unyevu, ngozi ya juu, mbao zenye mafuta, nikayameza.

"Muzee, unisamehe," nikasema. "Mutoto wangu alinikataza. Mi nilipima pahali pamoja tu."

Kikatokea kichwa kando yangu: Yasini, amepiga magoti, ameshika mguu wa pili. Halafu kitambaa kingine, mkono wa Mariamu. Tukawa vichwa vitatu chini ya ndevu za mzee mmoja, tunasugua, harufu ya mafuta ya taa inatutoa machozi. Nikahisi unyayo unatetemeka mkononi mwangu. Nikadhani ni baridi. Kumbe ni kicheko, kilikuwa kinaanzia tumboni.

"Mi nilitembea nyumba mingi kuomba babinti," Mzee Saleh akasema, na sauti ilikuwa inamkatika. "Kwengine banatufukuza. Kwengine banatungojesha. Lakini huyu tata, ye anatutega na bulimbo, sawa tunyoni! Ili tusirudie kwetu bila mutoto yake!"

"Hapana, muzee," nikamwambia, "si bulimbo, ni verni."

Tantine Zubeda akalia kwa kicheko mpaka akaegemea keki.

Walikula, wakanywa, wakasema ndiyo. Mzee Saleh akaweka sharti moja tu: ndoa ifanyike kiangazi. "Hiyo kitu yako," akaniambia, "tutangoja. Paka ikauke." Kwa Kiswahili cha kwetu "paka" ni "mpaka", kila mtu anajua, lakini kwa sekunde moja nilidhani ananiagiza nipake tena, na mke wangu, aliyeiona ile furaha ikipita usoni mwangu, akanifinya. Waliondoka na ndara zetu, zote, tukabaki nyumba nzima pekupeku.

Verni ile mvua iliigeuza nyeupe kama uji. Niliikwangua yote mvua zilipoisha, ubao kwa ubao, na soksi mbili nikazitoa kwa kisu, ila mahali pamoja mistari ya ufumaji wake imebaki kwenye mbao, ukipitisha kidole unaisikia. Nimeapa mbele ya mke wangu: kuanzia mvua ya kwanza mpaka ya mwisho sifungui kopo. Burashi na sabuni basi. Na nikipima kitu, nahama.

Siku ya ndoa jua lilikuwa kali, barza imepakwa mwezi mzima kabla, imekauka hata moyoni mwake. Mzee Saleh akafika ngazini na viatu vipya. Akasimama mbele ya kibao, akakisoma kama siku ile, taratibu. Kisha akainama, akakandamiza ubao wa kwanza kwa kidole gumba. Akasogea, akakandamiza wa katikati. Akaenda mpaka pembeni, mbali kabisa na jiko, akakandamiza na pale. Akakiinua kidole juu, akakigeuza ili watu wote wa harusi wakione kilivyo kikavu. Wakapiga makofi. Halafu akapanda na viatu vyake, vyenye mchanga mwekundu wa njia yote ya Mutoshi, akaivuka barza yangu kutoka mwisho mpaka mwisho, na Mariamu, ndani ya shela lake, ananitazama nitasema nini.

"Karibu, muzee," nikasema, na nilisikia kila punje ikikwaruza.