Sandwichi za Kuwaonyesha Wageni

Ningeweza kusema hapana asubuhi ile. Nilisema ndiyo. Afisa kutoka wilayani alisimama mlangoni pa ofisi ya kijiji, hakutaka hata kukaa, akaniambia kwamba wageni wanaogawa mahindi ya msaada watapita Alhamisi, na kwamba anataka wawakute watoto wa chekechea wanakunywa chai kwa sandwichi.

"Sandwichi, ndugu?" nikamuuliza. "Watu hapa wanachimba mizizi porini."

"Ndiyo maana. Kijiji kinacholialia kinaonekana kizembe. Kikionekana kina mpango, mahindi yanashushwa hapa kwanza. Wewe si ulisoma Tabora? Utashindwa kukata mkate?"

Sikushindwa. Nilikuwa katibu wa kijiji, kimoja cha vile vijiji vipya vya ujamaa upande wa Sikonge. Mwaka uliotangulia tulihamishwa kutoka makazi yetu yaliyotawanyika ndani ya misitu ya miombo, tukapangwa kwa mistari kandokando ya njia ya zamani ya misafara. Mihogo tuliiacha ardhini kule tulikotoka. Mashamba mapya hayakuwa tayari, mvua nayo ikagoma. Kufikia wakati huo, kwa wengi chakula cha siku kilikuwa nsansa, zile mboga zetu za kukausha, zikichemshwa bila karanga. Binti yangu wa chekechea alikuwa amekonda hadi bangili yake ikawa haikai mkononi.

Ufundi wa sandwichi niliupata sekondari, tulipokuwa tukiandaa chai ya walimu Wazungu Jumamosi. Nilijua kukata mkate mwembamba, kuondoa kingo, kugawa pembetatu na kufunika kwa kitambaa kibichi usikauke. Nilijivunia ujuzi huo kuliko hesabu.

Alhamisi kulipopambazuka mikate ililetwa kutoka duka la Mhindi mmoja mjini Tabora, imefungwa kwa gazeti, pamoja na siagi ya kopo na mayai. Mke wangu alichemsha mayai, akayaponda kwa chumvi. Mimi nikapaka siagi. Nilipoanza kukata kingo, aliacha kuponda.

"Baba watoto, hizo unazitupa?"

"Naziweka kando. Sandwichi haina kingo."

"Nani kasema?"

"Ndivyo inavyotengenezwa."

"Haya, bwana mpishi." Alizikusanya kingo zote kwenye ungo. "Na wageni wakiuliza kama tuna njaa?"

"Hawatauliza. Wataona wenyewe."

"Wataona nini? Mkate wenye mayai?"

Nikamwambia mambo ya serikali hayaelewi. Akaendelea kuponda.

Tuliwaketisha watoto kivulini pa bani la kukaushia tumbaku, kwenye madawati yaliyotandikwa shuka. Kabla ya wageni kufika niliwafundisha: chukua kipande kimoja, usilambe vidole, sema asante. Hawakuhitaji somo langu. Kwetu mtoto hujifunza mapema kwamba kuparamia chakula mbele ya mgeni ni kumvua nguo mama yake. Unachukua kidogo, unatafuna polepole, unabakiza.

Basi wakabakiza. Walimega pembe za sandwichi kama kuku anayedonoa. Binti yangu aliuma mara moja, akaishusha iliyobaki mapajani na kuifunika kwa gauni, ya kumpelekea kaka yake. Akina mama waliosimama mbali walikuwa wakitazamana kwa kuridhika. Nami niliridhika. Nilitazama sahani zilizopangika na watoto waliotulia, nikaona ni kazi yangu nzuri.

Mkuu wa wageni alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole. Alizunguka madawati yote.

"Upande wa Igalula watoto walitupokonya mikate mikononi," alisema. "Hawa hata sahani hawamalizi. Ndugu katibu, chakula kinatosha hapa?"

Afisa alikuwa nyuma yake, akinikazia macho. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mke wangu alikuwa karibu kiasi cha kunisikia.

"Tunajitahidi, mama."

"Hongereni. Wengine wangejifunza kwenu."

Siku zilizofuata tulisubiri malori. Yalielekea Igalula. Sikuwaonea wivu watu wa kule. Watoto wao walisema kweli kwa mikono yao. Nilipanda baiskeli hadi wilayani. Afisa hakuinua kichwa.

"Si ulisema mnajitahidi? Subirini awamu ya pili."

"Lakini ni wewe, ndugu, uliyetaka ile chai."

"Mimi nilitaka chai. Kusema ulisema wewe."

Nimemlaumu kwa miaka mingi, lakini hapo alikuwa sahihi. Nilirudi nikawaambia watu wasubiri, na hakuna aliyenitukana. Mzee mmoja aliniuliza tu kama ile mikate imebaki.

Kisha surua ikaingia kijijini. Miaka ya nyuma iliwahi kupita na watoto wengi wakapona. Safari hii iliwakuta hawana nguvu hata ya kulia. Binti yangu alilala siku chache tu. Mama yake alimpa maji ya nsansa kwa kijiko, hatukuwa na kingine.

Mahindi yalifika tumekwisha kumzika, yeye na watoto wengine kadhaa waliokaa naye kwenye madawati yale. Baada ya arobaini mke wangu alimchukua mwanetu wa kiume akarudi kwao Ipole. Nilimfuata mara mbili, akakataa kutoka nje. Kwa kukubali kuandaa chai ile nilimpoteza binti yangu na mke wangu, na mwanangu alikua akimwita baba mtu mwingine.