Jumamosi za Bibi Jirani

Jirani yetu hapa mtaa wa Bathurst, Toronto, ni bibi wa Kiyahudi aliyepita miaka tisini. Jumamosi hawashi taa wala habonyezi kitufe cha lifti, na dini yake haimruhusu kumwagiza mtu amfanyie. Mimi sikuyajua hayo Jumamosi ya kwanza mama aliponituma nikamjulie hali. Nje mawingu yalikuwa mazito.

"Leo kuna giza humu," bibi akasema.

"Ndiyo, bibi."

Akaitazama taa juu. "Giza kwelikweli."

"Kweli, bibi."

Mimi nina haya, nikafurahi kwamba maongezi ni mepesi. Tulikaa gizani mpaka nikaaga.

Nyumbani mama alicheka hadi akashika ukuta. "Alitaka uwashe taa, mwanangu. Kwa mama mkwe wangu, aliyesema kila kitu kwa mafumbo, usingemaliza wiki."

Jumamosi iliyofuata bibi akasema kuna joto. Nikakimbilia dirisha nikalifungua, theluji ikaingia mpaka kwenye kochi.

"Nilikuwa nazungumza tu," akasema, akicheka.

Siku hiyo akanisimulia. Alipokuwa msichana, wakati wa vita, alifungwa katika kambi ya kazi za kulazimishwa, akishona makoti ya askari.

"Kule hapakuwa na Jumamosi," alisema. "Nikaapa nikitoka hai, siku hiyo itakuwa yangu."

Alifika Toronto hana ndugu, akapata kazi ya kushona makoti tena. Tajiri alipomtaka aje Jumamosi, aliacha kazi, akatafuta nyingine.

Sasa magoti yamechoka, ngazi haziwezi. Binti yake alikuwa amemwandalia chumba kwake Markham, nje ya Toronto, lakini bibi hakutaki. Hapa sinagogi iko ng'ambo ya barabara. Kule angehitaji gari, na Jumamosi hapandi gari.

Jumamosi moja nilimkuta binti huyo kwenye korido, bibi kando yake amevaa koti.

"Mama, utashukaje? Nikibonyeza mimi, Myahudi kama wewe, hutaki."

Bibi akanigeukia. "Unakwenda chini, mjukuu wangu?"

Sikuwa na safari. "Nashuka, bibi."

Nikabonyeza. Akaingia nyuma yangu kana kwamba imetokea tu. Binti akafuata.

"Na wiki ijayo?" akaniuliza.

"Nashuka kila Jumamosi."

"Unakwenda wapi?"

"Chini."

Bibi akaangua kicheko. Binti alijaribu kujizuia, akashindwa. Mlango ulipofunguka akamshika mama yake mkono.

"Basi kile chumba nitawapa watoto waweke baiskeli."

"Wape leo," bibi akasema.