Siku Niliyofunga Idd Mosi

Haya zangu ni nyingi tangu utotoni, lakini hii imezidi zote, na ningeiacha ilale kama si kwamba kila mtu hapa Malindi anaisimulia kwa namna yake. Wengine wanasema nililia (sikulia), wengine wanasema ukuta wa mkahawa ulianguka wote (ni mlango tu, na matofali kidogo), kwa hiyo nimeona afadhali niieleze mimi mwenyewe niliyekuwa ndani.

Naitwa Bakari. Nilipomaliza darasa la saba nilikaa nyumbani nikashona kofia, kwa kuwa miguu yangu ilipooza nikiwa mdogo na natembelea kiti cha magurudumu, kiti cha chuma, kipana, kizito, ambacho tuliachiwa na wageni fulani waliokuwa wakirudi kwao Ulaya. Mimi si msemaji. Nikisalimiwa na watu wawili kwa pamoja nababaika, sijui nimjibu yupi kwanza. Rafiki yangu ni Kassim, jirani yetu wa mtaa wa Shela, ambaye husema sehemu yake na sehemu yangu pia, na ndiye aliyeanza kunisukuma jioni mpaka mkahawa wa Ami Twalib, maana aliniambia, "Utaota ukungu humo ndani, Beka, na hizo kofia zako."

Pale mkahawani kuingia hakuna taabu, ni kidaraja kimoja tu na Kassim ananipandisha. Taabu ilikuwa msala, yaani choo. Uko nyuma, unapita jikoni, na mlango wake ulijengwa kana kwamba wateja wote wa Ami Twalib huingia kiubavu, halafu chini kuna kizingiti. Siku ya kwanza tu niliutazama ule mlango nikajua kiti changu hakipiti. Sasa mtu akinywa chai, baadaye lazima... mnaelewa. Na kumwambia Kassim anibebe mgongoni kama gunia la mkaa mbele ya watu wazima wenye kofia na heshima zao, halafu asimame pale aningoje nimalize, wallahi nilikuwa radhi kufa. Basi Ami Twalib alipokuja mwenyewe kuuliza, "Na wewe mwanangu, nikupe nini?" mimi kwa haya nikasema neno la kwanza lililonijia mdomoni.

"Nimefunga, Ami."

Ilikuwa Jumatatu, siku ya funga ya sunna. Ami Twalib akaweka mkono kifuani. "MashaAllah," akasema, akaondoa hata bilauri ya maji iliyokuwa mbele yangu, na Kassim naye akageuka akanywa chai yake akinipa mgongo, kwa adabu.

Ningeishia hapo. Lakini nilikuwa nimeonja utamu wake, maana neno moja limenikinga na mambo yote, na Alhamisi nikalirudia. Baadaye, siku zisizokuwa Jumatatu wala Alhamisi, nikawa nasema ninalipa siku zangu za Ramadhani (kwa jinsi nilivyolipa, ungedhani sijawahi kufunga Ramadhani hata moja maishani). Nikifika nyumbani nagida maji ya mtungini mpaka mama anauliza, "Huko mnakokwenda mnalishwa chumvi?" Na Ramadhani ilipoingia ndipo nilipopumzika, kwa kuwa mwezi mzima hakuna mtu wa kuniuliza nitakunywa nini.

Kumbe huku nyuma nimekuwa mtu. Wazee wakiniona wananipisha. Mmoja wa Mambrui, Mzee Shee, ambaye huja mjini kuuza nazi na hana siku anayokosa la kusema, alimuonyesha mjukuu wake kidole akamwambia, "Muone huyo. Miguu hana, imani anayo." Nikatazama magurudumu yangu, ningefanya nini?

Mwisho wa Ramadhani yule kijana aliyekaa kwenye meza ya pesa ya Ami Twalib akapata kazi hotelini huko Kikambala akaenda zake. Ami akaniita kando.

"Bakari, njoo Idd mosi baada ya swala, nitakutangaza mbele ya watu. Nataka ukae mezani kwangu. Mtu anayejizuia maji hakuna anayemlazimisha, hawezi kutia mkono kwenye droo yangu."

Sikulala kwa furaha. Kazi ya kofia inaua macho na nilikuwa nimeichoka, na kubwa zaidi, sijawahi kuambiwa na mtu kwamba ananihitaji mahali nje ya nyumba yetu. Mama alipopata habari alinipigia kanzu pasi mara mbili. Suala la msala nililifikiria, sikulisahau, lakini niliamua kwamba nitafunga kila siku ya kazi mpaka nizeeke. Ndivyo nilivyokuwa na akili.

Sasa Idd yenyewe ilikuja kwa wasiwasi. Habari ya mwezi ilichelewa, redio ikanyamaza, ikasema, wengine wakadai umeonekana, wengine wakauliza umeonekana na nani, mwisho asubuhi tukaswali Idd lakini kuna watu waliokula tambi zao huku roho haijatulia. Mimi wangu mwezi ulikuwa kazi. Nilikula tambi kwetu, nikanywa chai, kwa kina Kassim nikapewa sharbati, nyumba ya pili sharbati, kwa shangazi yake maziwa ya iliki, na Idd hukatai kitu cha mtu, nikawa ninameza tu. Tulipofika mkahawani nilikuwa nimekaa kwenye kiti kwa uangalifu sana, kila jiwe la njiani nililisikia tumboni.

Mkahawa ulijaa kanzu nyeupe na harufu ya udi. Siku hiyo Ami Twalib haulizi pesa, kila mtu hupewa halua, kahawa na sharbati. Aliponiona akapiga makofi watu wanyamaze, akaja na bilauri ndefu, nyekundu, barafu inaelea juu, akaniletea mwenyewe mbele ya wote.

"Idd njema, mwanangu! Kunywa, kisha nina neno."

Mimi nilikuwa nimebanwa vibaya. Nikaona ile sharbati, nikaona ule mlango kule nyuma, watu wote wananitazama, na ulimi wangu ukafanya kazi uliyoizoea.

"Ahsante, Ami. Nimefunga."

Nilisikia feni.

"Umefunga nini?" akauliza Ami Twalib taratibu.

Nilijua palepale nilichokisema, na nilitaka kufungua mdomo, lakini mimi mdomo wangu huchelewa, na Mzee Shee hakuchelewa. Aliirudisha halua kwenye sahani.

"Subirini," akasema. "Subirini kwanza. Kijana huyu hafungi ovyo."

"Mzee Shee, leo Idd, kufunga ni haramu," mtu akamwambia.

"Ndiyo nasema! Yeye hajui kuwa ni haramu? Huyu anayefunga Jumatatu na Alhamisi? Basi ikiwa amefunga, ana habari ya mwezi ambayo sisi hatunayo."

"Lakini tumeswali naye Idd!"

"Ameswali kwa kutuheshimu."

Enyi rafiki zangu, mwaweza kudhani watu wangecheka. Hawakucheka. Niliona meno yakisimama kwenye halua. Mmoja akauliza nani hasa aliyeuona huo mwezi, mwingine akasema shemeji yake ameuona kwa macho yake, wa tatu akasema shemeji huyo haoni hata basi likija, na mtu mmoja aliyekuwa na kahawa mdomoni akabaki nayo hivyo hivyo, mashavu yamevimba, hajui ameze au ateme. Kassim alijaribu kunitetea, "Jamani, amezoea tu kusema! Asubuhi kwetu ame..." lakini wakamkatiza, wakamwambia akae, wakubwa wanazungumza. Ami Twalib amesimama na bilauri yake, amesawijika, halua yote ile amegawa yeye, na kama leo ni Ramadhani, basi yeye ndiye aliyeufuturisha mji mzima asubuhi.

"Bakari," akasema, "niambie kweli. Mwezi umeuona wewe?"

Hapo haya na kibofu vikashindana, na kibofu kikashinda.

"Sikufunga, Ami!" nikapiga kelele, mimi ambaye watu wengi pale hawakuwa wameisikia sauti yangu. "Sikufunga leo, wala siku zile! Nimekula tambi! Nataka msala, na mlango wenu mwembamba!"

Yule mwenye kahawa mdomoni alimeza. Wengine wote ndipo walipoangua kicheko, na sijui kama walinicheka mimi au walicheka kwa kuona Idd yao imerudi.

Sikupata nafasi ya kujali. Ami Twalib mwenyewe alishika kiti akanikimbiza kupita jikoni, Kassim mbele akipiga kelele, "Njia! Njia!" mpishi akaruka na sufuria yake. Walinivusha kizingiti kwa nguvu, magurudumu madogo ya mbele yakaingia, kisha yale makubwa yakagonga miti ya mlango huku na huku, krr, na kiti kikasimama. Mbele hakiendi. Wakavuta, nyuma hakirudi. Kanzu yangu mpya ikanasa kwenye gurudumu.

"Shuka kwa mbele, Beka!" akasema Kassim. "Mikono yako ina nguvu!"

Nikaivua kanzu nikaiacha kitini, nikashuka kwa mikono, nikajivuta ndani nikishika ukuta. Lakini mlango haukuweza kufungwa, umejaa kiti. Ami Twalib akachomoa kitambaa cha meza, kile cha maua, wakakishika yeye na Kassim kama pazia, na nyuma ya pazia nikasikia foleni inaota, maana sharbati ya bure haikunibana mimi peke yangu, na mwanamume aliyebanwa hana subira.

"Bado?"

"Bado."

"Anafanya nini huko?"

"Mwacheni," nikaisikia sauti ya Mzee Shee. "Ana funga ya mwaka mzima humo."

Nilipomaliza (alhamdulillahi, sijawahi kupata raha kama ile) nikapanda tena kitini, lakini kiti ndicho kilichogoma. Walivuta watu wanne. Mlango umenishika na foleni imefika jikoni, mmoja akitoka nje kutafuta mnazi. Ikabidi aitwe fundi kutoka mtaa wa Kisumu Ndogo, ambaye hakuwa na Idd siku hiyo wala siku nyingine, akaja na nyundo na tindo, akatazama, akasema, "Nivunje mtu au mlango?"

"Mlango," akasema Ami Twalib, akafumba macho.

Nilikaa pale katikati nikimwagikiwa vumbi la chokaa kichwani, watu wa foleni wakinipa moyo, mpaka upande mmoja wa mlango ukang'oka pamoja na matofali ya juu, nami nikatoka kinyumenyume mweupe kama nimepakwa unga, na watu wakapiga makofi. Halafu wakaniruka wakakimbilia ndani.

Ami Twalib akakaa kwenye debe karibu yangu, akanifuta uso kwa kile kitambaa cha maua. Nilijua kazi imekwenda. Nikamuomba radhi, maneno yakatoka vipande vipande, nikamwambia sikuwa nikila wala kunywa pale kwake, hiyo ni kweli, ila nia ya funga sikuweka, niliogopa msala tu.

"Kwa hiyo umeshinda na kiu kwangu mwaka mzima, thawabu hupati?"

"Sipati, Ami."

"Kwa sababu ya mlango wangu."

"Na haya zangu."

Akautazama ule uwazi alioachiwa na fundi, ambao sasa ungepitisha punda na mzigo wake. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mimi nilitafuta mcha Mungu, nimepata mwenye haya," akasema. "Lakini mwenye haya wa namna yako, hata ukitaka kuniibia, utaanzaje? Njoo kesho kutwa. Na fundi usimuache aondoke, asawazishe na kile kizingiti."

Basi kazi nikapata. Lakini aibu haikuishia hapo, na hili ndilo mama bado hajui. Siku ile ya kwanza ya kazi nilikuwa nimeamka na daku. Nilinuia kweli, nianze zile siku sita za sunna za mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, kwa toba, nimuombe Mola msamaha kwa siku zote nilizomsingizia. Ami Twalib akaniletea chai ya maziwa. Nikasema kwa sauti ndogo, "Nimefunga, Ami."

Mkahawa mzima ulilipuka. Mzee Shee aliinamia meza akaipiga kwa kiganja.

"Amebanwa tena! Mpisheni!"

"Wallahi leo nimefunga kweli!"

"Mlango ule pale, mwanangu, mpana," akasema Ami Twalib, akaiweka chai mbele yangu na kukunja mikono. "Kunywa, usiogope."

Niliapa, nikaapa, nikaona kila kiapo kinawaongezea kicheko, mwisho nikainywa (funga ya sunna mtu akiivunja hana dhambi, nilikwenda kuuliza baadaye), na ilikuwa tamu, sitasema uongo mwingine.

Siku hizi nikifunga simwambii mtu. Naificha funga yangu kama wengine wanavyoficha kula mchana wa Ramadhani, naichukua chai ya Ami Twalib, naikalisha mezani ipoe, na akigeuka nampa Kassim. Na nikibanwa nasema nimebanwa, kwa sauti, hata awe amekaa kadhi.