Mgeni wa Nne wa Sinia

Mume wangu alifariki mwezi wa pili, wiki ileile timu za vyuo zinapoanza kucheza besiboli. Nalitaja hilo kwa sababu simu yake haikujua kama mwenyewe hayupo. Iliendelea kulia pale juu ya kabati, karibu na dawa zake: fulani kashinda, fulani kafungwa. Binti yangu alisema tuizime. Nikamwambia tuiache kwanza. Ndivyo nilivyoanza kufuatilia besiboli, mimi ambaye miaka yote ya ndoa nilikuwa nikipita mbele ya televisheni na beseni la nguo nikiambiwa nipite upesi.

Nimesoma mpaka darasa la saba, Tanga. Zile hesabu za besiboli zenye nukta na tarakimu nyingi sizijui, na sijajifunza mpaka leo. Ninachokijua ni kile alichonieleza yeye, na yeye alinieleza kwa masinia.

Harusi za watu wetu wa pwani walioko huku Marekani nyingi hufanyika kwenye ukumbi mmoja katika mji wa Columbia. Upande wa wanaume, mume wangu ndiye aliyekuwa akiwakalisha watu. Upande wa wanawake nilikuwa mimi. Watu hula wanne wanne, na kuwapanga si kazi ya kubahatisha. Ndugu wawili huwaweki sinia moja, maana hao wamekula pamoja mwaka mzima. Kila sinia unaliwekea mtu mmoja wa nyumbani, ambaye atakuwa kama mwenyeji, atachambua nyama na kuwasogezea wenzake. Wa pili na wa tatu ni watu wanaoweza kuongea. Wa nne ndiye wa kufikiriwa sana: mgeni mwenye haya, aliyekuja juzi, hajui mtu. Huyo ukimkalisha na walaji wakubwa ataondoka na njaa na hatasema.

Sasa hao wa besiboli, mwisho wa mwezi wa tano kamati yao inakaa na kuchagua timu sitini na nne. Bingwa wa kila ligi anaingia moja kwa moja, hata awe mdogo vipi. Wengine wanachaguliwa kwa jinsi walivyocheza na kwa ukubwa wa waliocheza nao. Kumi na sita bora zinapewa heshima ya kuchezea nyumbani, na kila moja inaletewa wageni watatu, wanakuwa wanne kama wa sinia, na wa nne ndiye dhaifu wao. Timu za ligi moja hazikutanishwi mapema. Mume wangu alipoelewa hilo mara ya kwanza alijipiga paja.

“Mke wangu, hawa wanapanga masinia!”

Aliyemfundisha alikuwa rafiki yake, Mmarekani mweusi, mstaafu wa posta, anayeishi peke yake Greenbelt tangu mkewe afariki. Huyu alijifunza Kiswahili ujanani, madarasa ya jioni, kabla hata sisi hatujafikiria kuja huku. Tulikutana naye dukani Langley Park tukiwa tunagombana kuhusu mchele. Akageuka na kusema, “Samahani, ndugu zangu. Mchele huo hauchambuki.” Mume wangu alibaki na mfuko mkononi. Baadaye alizoea kumtania kwamba anaongea kama msomaji wa taarifa ya habari. “Bwana mkubwa, sema ‘twende’. Usiseme ‘naomba tufuatane’.” Mimi ananiita shemeji, nami namwita shemeji.

Mchezo wao ulikuwa huu. Kila mwaka, Jumapili ya kabla ya kamati kutangaza, shemeji alikuwa akija kwetu. Mume wangu alitandika mkeka, wakaandika timu kwenye vikaratasi, kila mmoja akapanga upande wake: wenyeji kumi na sita, na kila mwenyeji na mgeni wake wa nne. Wa katikati waliwaacha, maana hao hata kamati yenyewe, walisema, huwapanga ikiwa imechoka. Wakimaliza kila mmoja alifunika vyake kwa taulo. Kesho yake wakafunua. Aliyekosea zaidi anampikia mwenzake.

Mume wangu alikuwa akishindwa kila mwaka. Wenyeji aliwajua vizuri, pengine kumzidi shemeji. Alikuwa akiangukia kwa mgeni wa nne. Kamati humpa mwenyeji mwenye nguvu kuliko wote mgeni aliye dhaifu kuliko wote, hiyo ndiyo zawadi ya kuwa wa kwanza. Yeye alilijua hilo. Lakini akishika kikaratasi cha timu ndogo alikuwa akisita nacho hewani, kisha anakipeleka kwa mwenyeji wa wastani, aliye karibu na kwao.

“Kumpeleka huyu kule ni kumpeleka akaliwe.”

“Ndiyo mashindano hayo, bwana. Watamla.”

“Mgeni analiwa wapi? Kwetu mgeni analishwa.”

“Kamati haitoki Tanga.”

“Ndiyo tatizo lao.”

Halafu Jumanne alikuwa akipika pilau, yeye mwenyewe, mimi nisiguse, akaifunga sufuria kwa blanketi na kuipeleka Greenbelt.

Mwaka huu nilikuwa eda. Nilikwenda kazini, kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee, kwa kuwa kazi ni lazima, na nikitoka nilirudi moja kwa moja. Sikwenda harusi wala kwa mtu. Jioni nilikaa na ile simu. Mwezi wa nne shemeji alipiga.

“Hujambo, shemeji? Sijui kama ni adabu kuuliza. Je, mkeka utatandikwa?”

Nilimwambia nipo eda, wageni wa kiume siwapokei. Akasema analijua hilo, ameshalisoma. Basi, akasema, tupange kila mtu kwake, tufunike, tufunue kwa simu. Nikamwambia basi, nitamkalia mume wangu nafasi yake.

Binti yangu alifurahi kuliko nilivyotarajia. Yeye amezaliwa huku. Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza, na ndivyo tunavyoishi, kila mtu na lugha yake. Akaanza kuandika vikaratasi siku nyingi kabla. Lakini alikuwa na sharti.

“Panga kama Baba. Wadogo wapeleke karibu.”

“Nitapanga kama ninavyoona.”

“Mama, wewe usipopanga hivyo, hakuna mtu tena anayepanga hivyo. Ndiyo itakuwa imekwisha.”

Hilo lilinikaa. Vitu vyake vingine tulikuwa tumeshavigawa, nguo kwa huyu, viatu kwa yule. Kupanga kwake vile vikaratasi hakukuwa kitu cha kugawa. Kungebaki kwetu au kusingebaki.

Na mwaka huu kulikuwa na timu ya chuo kimoja kidogo cha upande wetu. Zamani mume wangu alitupeleka kuwatazama, siku ya baridi ya jua, tukakaa kwenye majani ya mteremko na sambusa ndani ya kitambaa. Watazamaji walikuwa wachache, kila mtu alisikia tulichokuwa tukisema, ila hawakuelewa. Vijana wa timu walifungwa siku ile, lakini mume wangu aliwapigia makofi kama kwamba wameshinda. Mwaka huu waliibuka mabingwa wa ligi yao. Niliwaona kwenye simu yake, wamelundikana uwanjani kama nguo zilizotolewa kwenye mashine. Kwa hiyo walikuwa wameingia, na kwa jinsi nilivyoona, katika sitini na nne hakukuwa na aliye mdogo kuliko wao.

Jumapili baada ya adhuhuri nilitandika mkeka. Wenyeji hawakunisumbua. Nilikuwa nimewasikiliza miezi mitatu, nilijua nani kashinda ugenini na nani anawafunga wanyonge tu. Niliwapanga, nikaanza wageni wa nne, binti yangu akinipa kikaratasi kimoja kimoja. Ile timu ndogo aliibakiza mwisho. Makusudi, najua.

“Baba angewaweka hapa,” akasema, akigusa mwenyeji wa mwendo wa gari tu kutoka kwetu.

“Najua.”

“Basi?”

Nilikishika kile kikaratasi. Nilielewa kwa mara ya kwanza kwa nini alikuwa anasita. Lakini swali la mchezo lilikuwa kamati itawapeleka wapi. Halikuwa mimi ningewapeleka wapi. Jibu nililijua. Kuweka jingine ingekuwa kusema kitu nisichokiamini, na kukisema kwa jina lake. Yeye pengine alikiamini. Pengine kila mwaka alitumaini kwamba safari hii kamati itakuwa na mtu wa kwao mwenye huruma. Mimi sikuwa na tumaini hilo, na sikuweza kulivaa kama koti lake.

Nikawapeleka kusini kabisa, kwa mwenyeji namba moja.

Binti yangu aliinuka. Alikwenda jikoni, nikamsikia akiosha glasi zilizokuwa safi. Nilifunika mkeka kwa taulo, nikapiga simu, nikasema, “Mimi nimefunika.” Shemeji akasema, “Mimi pia.” Basi.

Jumatatu ilikuwa sikukuu yao ya kuwakumbuka askari waliokufa, kwa hiyo sote tulikuwa nyumbani. Wenyeji walikuwa wametajwa tangu jana yake jioni, nami nilikuwa nimemkosa mmoja. Mchana wakasomwa wageni. Walianza na mwenyeji namba moja, na mgeni wake wa nne alikuwa ile timu yetu ndogo. Wale vijana wadogo walionyeshwa wamekaa kwenye ukumbi wao, wamevaa kofia zinazofanana. Waliposikia jina lao waliruka wakakumbatiana, na walikuwa wamepangiwa kwenda kuliwa. Binti yangu aliangalia mpaka picha ikaondoka.

“Ulikuwa sahihi,” akasema. Hakulisema kwa kunipongeza.

Nilifunua mkeka, nikamtumia shemeji picha yake, na simu yangu ikalia.

“Shemeji, nimeshindwa.”

“Ulimkosa mwenyeji gani?”

“Mmoja tu, nadhani tumemkosa yule yule. Nimekosea mgeni wa nne.”

Alituma picha ya meza yake. Kona ya taulo ilionekana, na mkono wake wenye saa. Wageni wote wa nne walikuwa kama wangu isipokuwa wawili, aliowabadilishana nafasi. Ile timu ndogo alikuwa ameiweka kwa yule mwenyeji wa mwendo wa gari, palepale binti yangu alipogusa. Sikuwa na haja ya kujiuliza kama amevihamisha vikaratasi baada ya matokeo. Hakuna mtu anayehamisha ili ashindwe.

Nikaweka simu kwenye spika, kwa sababu binti yangu alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu.

“Shemeji, wewe unaijua kamati miaka yote hii. Mbona umefanya hivi?”

“Ilikuwa lazima mtu awapeleke karibu. Nilidhani na wewe utawapeleka karibu, tutoke sare.”

“Mimi siwezi kupanga nisichokiamini.”

“Mumeo alinionya. Aliniambia, mke wangu usimwulize kama shati limekupendeza, isipokuwa uwe na shati jingine.”

Nilicheka. Sikuwa nimecheka kwa sauti tangu mwezi wa pili, na nilisikia kama ni mtu mwingine. Binti yangu aliichukua ile simu, akaikuza picha kwa vidole mpaka ikabaki ile timu ndogo na mwenyeji wake, akakaa chini kwenye mkeka nayo.

“Basi hukucheza,” nikamwambia shemeji. “Haihesabiki.”

“Nimecheza kama alivyocheza yeye. Na yeye alikuwa anapika. Sasa nieleze, tafadhali. Kitunguu kikaangwe mpaka kiwe rangi gani?”

“Kama lile shati lako la kahawia.”

“Ambalo halinipendezi.”

“Halikupendezi.”

Alipiga tena mara kadhaa Jumanne. Kuhusu maji nilimwambia yapite mchele kidogo tu, akauliza kidogo ni kiasi gani, nikamwambia kiasi cha kidole, akauliza kidole cha nani. Alasiri alifika mlangoni na sufuria imefungwa kwa taulo. Hakuingia. Alitoa salamu kutoka kwenye ngazi, akauliza hali, akampa binti yangu sufuria kwa mikono miwili kama anakabidhi kifurushi cha kutiwa saini.

Tuliipakua kwenye sinia. Ilikuwa bokoboko. Nilimwambia kwa simu jioni ileile kwamba maji yalizidi, akasema alijua nitasema.

Nimefikiri sana kuhusu zile pilau za mume wangu. Shemeji ni mtu asiyepokea chakula cha kupelekewa hivihivi. Ukimpelekea atakwambia ameshakula. Pilau ya kushinda aliipokea, akaila wiki nzima. Binti yangu anasema Baba alikuwa akishindwa makusudi. Inawezekana. Mimi sikumwuliza akiwa hai, na sasa sitasema nisichokijua. Ninachojua ni kwamba alipofunua taulo na kukuta amekosea alikuwa akikasirika kweli, akiitukana kamati mpaka nikafunga dirisha.

Ijumaa wale vijana walicheza na mwenyeji namba moja, wakafungwa vibaya. Jumamosi walifungwa tena, na kwa kuwa anayefungwa mara mbili hutoka, wakatolewa. Simu ya mume wangu ililia juu ya kabati mara zote mbili. Binti yangu alikwenda kuisoma, na akasema kwa Kiswahili, “Wameliwa.” Kisha akaichomeka kwenye chaji.

Tulikuwa tunamalizia pilau ya shemeji. Ilikuwa imekaa kwenye friji siku kadhaa, nikaipasha polepole kwenye kikaango bila mafuta, maji yakakauka, wali ukachambuka, na viungo vikatoka. Ilikuwa nzuri. Nilimpigia kumwambia, kwa kuwa lile la maji kuzidi nilimwambia, na hili lilikuwa kweli vilevile.