Wadudu wa Mama Povu

Mama Povu hakuwa mtu wa kutulia hata siku njema, sembuse siku ile. Alilizunguka bwawa la maji taka linalopulizwa hewa, akainama, akanusa, akainuka, akazunguka tena, mpaka mlinzi akamwuliza kama amedondosha pete.

"Pete ingekuwa nafuu," alimjibu.

Kazi yake ilikuwa kusafisha maji machafu ya mji mzima. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu akilitazama tu povu la bwawani, anajua wadudu wameamkaje. Ndiyo, wadudu! Bakteria wasioonekana kwa macho, wanaokula uchafu. Wengi ni sugu, hawachagui. Lakini wapo wale wanaokula amonia, ule ukali wa mkojo uliolala unaochoma pua. Hao wana deko kupita kiasi, wanazaliana kwa kujivuta, na wakigoma, amonia inakwenda moja kwa moja mtoni na kuua samaki. Hao Mama Povu aliwaita wanangu. Mumewe alishazoea.

Asubuhi hiyo aliteka maji yanayotoka kwenda mtoni, akatia dawa ya kupimia. Yakageuka kijani cha kukolea, wakati wiki iliyopita yalibaki manjano. Amonia ilikuwa imepita bwawani bila kuguswa. Akakimbilia ofisini.

"Hewa ipo, joto lipo," alimwambia bosi wake. "Wanangu wamelishwa sumu."

Bosi, mama mpole aliyeisomea kazi hiyo hasa, alikuwa ameshapeleka tope la bwawani maabara. "Ni shaba na nikeli," alisema. "Kuna mtu anachovya vyuma kwenye dawa kuving'arisha, halafu anamwaga mabaki kwenye bomba la maji taka. Tumeomba tope lenye wadudu wazima mji wa jirani, linafika kesho. Tusipompata huyo mtu, nalo litakufa. Unamjua yeyote wa kazi hiyo?"

Mama Povu alijikuna shingo. Alimjua, tena alimbeba mgongoni alipokuwa mtoto. "Ngoja nizunguke," alisema, na aibu ikamshika papo hapo, maana kuficha hakukuwa tabia yake.

Alikwenda mbio mbio hadi karakana ya mdogo wake, iliyojaa bampa na koki zinazomeremeta.

"Dada! Mbona unahema hivyo?"

"Maji ya kusuuzia vyuma unamwaga wapi?"

"Si chooni!" Kijana wa watu alijibu kwa fahari kabisa. "Zamani nilimwaga mtaroni, ukanigombeza, watoto wanacheza pale. Nikasema, kwa nini nihangaike, na dada yangu ndiye anayesafisha maji ya mji mzima? Nikawa nakuletea wewe."

Jamani! Mtu kama huyo unamchapa au unamkumbatia? Mama Povu alikaa juu ya ndoo, akasimama, akakaa tena.

"Umewaua," alisema. "Wadudu wangu hawali shaba. Inawaua."

"Si watazaliwa wengine?"

"Kwa wiki na wiki, tena ukiacha leo. Na samaki huko mtoni je?"

Mdogo wake alinywea. "Basi naacha, dada. Haki ya Mungu naacha. Ila yaishe hapa hapa, mimi na wewe. Wakijua watanifungia karakana, na wifi yako anakaribia kujifungua."

Mama Povu alizunguka meza ya koki, huku na huku. Alimpenda mno, na bosi alikuwa akingoja kujua ni nini kimemwagwa na tangu lini. Mwisho akatoa simu, akampigia bosi, akamnyooshea mdogo wake.

"Mwambie mwenyewe."

"Sema wewe basi, dada! Wewe wanakusikiliza."

"Nikisema mimi nitakupunguzia kosa. Najijua."

Mdogo wake alifuta vidole vyake vyenye ukijani wa shaba kwenye suruali, akaipokea simu. Mama Povu alikuwa ameshapiga magoti chooni, anaziba tundu kwa gunia na machozi yanamtoka.

"Shikamoo, mama," alimsikia akisema. "Mimi ni mdogo wake Mama Povu. Mimi ndiye niliyewaua watoto wa dada."